Barua ya kuacha kazi imo ndani ya andalio la somo

SWALI

Shikamoo Mama.

Mimi ni mwalimu wa kike, umri miaka 34. Nafundisha shule ya msingi mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa mji wa Kigoma. Huku tunasafiri kwa boti za mbao, na ziwa likichafuka unalala ulipo. Niliajiriwa mwaka 2015 nikiwa na cheti cha Daraja la IIIA, nikapangiwa hukuhuku, na sijatoka mpaka leo.

Mwaka huu nina darasa la kwanza lenye watoto 143. Chumba kimoja. Madawati hayafiki nusu, wengine wanakaa chini. Wapo wanaokuja na Kiha, wapo wanaokuja na Kibembe, Kiswahili cha darasani wanakianza na mimi. Nikishika mkono wa huyu wa mbele ajue kuandika "a", wa nyuma wameshapigana, mmoja amejikojolea, mwingine kalala kwa njaa. Jioni sauti imekauka, na bado kuna andalio la somo, kuna mahudhurio, kuna kujaza kazi zangu kwenye PEPMIS, ule mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi, kwa bando langu mwenyewe, na mtandao huku unapatikana ukipanda mlimani.

Mama, watoto siwachukii. Mtoto akisoma sentensi yake ya kwanza bado moyo unaruka. Lakini nimechoka. Wenzangu tulioajiriwa pamoja wamepanda daraja mara mbili, mimi mara moja. Nauli ya likizo naidai mara mbili. Nimeenda halmashauri kwa gharama zangu, boti na gesti, nikaambiwa faili langu linafuatiliwa.

Nina mkopo wa benki niliochukua tujenge Mwandiga, anakokaa mume wangu. Yeye ni fundi seremala. Nyumba imeishia kwenye lenta. Mwaka juzi mama aliugua, nikakopa tena laki tatu kwa mtu wa hapa kijijini, anashika kadi yangu ya benki, mwisho wa mwezi anatoa elfu sitini yake ya riba na kunipa iliyobaki. Hilo mume wangu hajui. Mtoto wetu wa miaka minne analelewa na bibi yake Kasulu.

Kilichonivunja kabisa ni mwezi uliopita. Nilichelewa dakika ishirini, mwalimu mkuu akanisema mstarini mbele ya shule nzima: "Madam, kama umechoka acha, vijana wenye vyeti wamejaa mtaani." Watoto walicheka. Wale wangu, ambao bado hawajui kusoma jina lao, hilo walilielewa.

Mjomba wangu ana biashara ya mawese na dagaa pale Kibirizi, anapeleka mzigo Dar kwa treni. Anataka nikasimamie. Anasema nitapata mara mbili ya mshahara. Nimeshaandika barua ya kuacha kazi, nimeificha ndani ya andalio langu la somo, kila asubuhi naiona.

Kinachonichanganya ni nesi jirani yangu. Zahanati nzima ni yeye na mhudumu mmoja. Anaamshwa usiku wa manane, anapakiwa kwenye boti na mjamzito mwenye uchungu kwenda kutafuta rufaa, asubuhi anafungua zahanati. Na anaimba, Mama. Nasikia akifua huku anaimba. Mimi nina kasoro gani?

Mwalimu wa Mwambao

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimefundisha miaka 36: Urambo, Sikonge, na mwisho hapa Tabora mjini, 11 ya mwisho nikiwa mwalimu mkuu. Nakuambia ili ujue kwamba nitakapomsema mwalimu mkuu wako najisema na mimi.

Nianze na jambo ulilolipitisha harakaharaka kama mtu anayepita na kitu chini ya kanga. Kadi ya benki. Umeeleza darasa kwa aya nzima, umeeleza mstarini kwa aya nzima, kadi umeipa sentensi moja. Hebu tupige hesabu pamoja. Elfu sitini kwa mwezi, tangu mwaka juzi. Tuseme miezi 24. Ni 1,440,000. Ulikopa laki tatu na laki tatu bado inakusubiri, maana unayolipa ni riba tu. Binti yangu, hata kazi ingekuwa tamu kama asali ya Sikonge, mtu anayeupokea mshahara wake kutoka mkononi mwa mtu mwingine hawezi kuipenda. Sehemu ya uchovu unaoupeleka darasani inatoka hapo.

Safari yako ijayo ya mjini iwe ya benki. Waambie waifunge hiyo kadi, wakupe mpya, na namba ya siri uijue wewe peke yako. Benki Kuu imeshawakataza wakopeshaji kushikilia kadi za wateja, na tangu ile sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 mtu hakopeshi kwa riba bila leseni. Huyo wa kwenu leseni yake sidhani kama umewahi kuiona. Sikwambii udhulumu. Ukirudi na kadi mpya, mwite mbele ya mtendaji wa kijiji, wekeni hesabu kwenye karatasi, kubalianeni kinachobaki na tarehe ya mwisho, wote mtie sahihi. Atapiga kelele. Mbele ya mtendaji kelele zitapungua.

Lakini kabla ya yote hayo mwambie mumeo. Asije akaisikia kwenye boti. Mlijikaza pamoja mpaka lenta. La mama yako kuugua atalielewa, la kufichwa miaka miwili ndilo litamuuma, na kila mwezi unaoongeza unamwongezea maumivu.

Sasa daraja. Wewe ni wa lile kundi lililokwama. Mwaka 2016 upandishaji ulisimama kupisha uhakiki wa watumishi na vyeti, ulipofunguliwa tena ndipo likazaliwa hilo neno mnalolipenda, mserereko, la kuwafikisha watu pale walipopaswa kuwa. Kama wenzako wa 2015 wameserereka na wewe umebaki, mara nyingi kosa liko kwenye karatasi. Barua ya kuthibitishwa kazini, je, unayo? Nimeona walimu wazuri kabisa waliokaa daraja moja miaka na miaka kwa sababu barua hiyo haikuwahi kuingia kwenye faili, na hakuna aliyewaambia.

Na hapa kuna kosa ambalo karibu kila mwalimu wa kijijini analifanya: anabisha mlango usio wenyewe. Kuthibitishwa, kupanda daraja na nidhamu ni mambo ya Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, nayo ina ofisi yake wilayani. Mshahara, nauli ya likizo na madai mengine ni ya mwajiri, yaani halmashauri, kwa afisa utumishi. Ukiuliza daraja kwa mhasibu utaambiwa linafuatiliwa, kwa sababu hana jibu lingine la kukupa. Beba nakala: barua ya ajira, ya kuthibitishwa, ya cheo ulicho nacho, hati ya mshahara ya karibuni. Andika barua, ipite kwa mwalimu mkuu, baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Nauli ya likizo mtumishi analipiwa mara moja kila baada ya miaka miwili. Dai lako lisipokuwa na fomu ya likizo iliyosainiwa, siku ya uhakiki wa madeni linatupwa nje, hata kama kila mtu anajua kwamba ulisafiri.

Chama pia. Kama ni mwanachama wa CWT, Chama cha Walimu Tanzania, unakatwa asilimia mbili ya mshahara kila mwezi. Katibu wa wilaya analipwa kwa jasho hilo. Mpe kazi.

Kuhusu mjomba. Mjomba ni mjomba, simsemi vibaya. Ila "mara mbili ya mshahara" ni maneno ya kwenye chai. Mtaji ni wa nani? Mzigo ukioza njiani au treni ikichelewa, hasara inamkata nani? Dagaa nao wana mwenyewe, ziwa. Mwaka 2024 lilifungwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei ili samaki wazaliane, na waliokuwa wanategemea dagaa peke yake waliijua hiyo miezi kwa majina. Mjomba alikula nini? Muulize, na umsikilize anavyojibu, si anachojibu tu. Mawese nayaamini zaidi. Kigoma na michikichi ni ndugu.

Halafu kuna hesabu ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ambayo watu wanaikumbuka wakishatoka getini. Kila mwezi wewe unachangia asilimia 5 na mwajiri asilimia 15. Ili ustahili pensheni unatakiwa michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Wewe umeshavuka 120. Tena anayeacha kazi kwa hiari yake halipwi lile fao la kukosa ajira. Hilo ni la aliyeachishwa. Na mkopo wa benki hauachi kazi pamoja na wewe. Utakaa Kibirizi ukiuza mawese huku benki inapiga simu.

Kwa hiyo nasema usiache? Hapana. Nasema usiache mwezi huu, ukiwa na hasira ya mstarini na kadi mkononi mwa mtu. Hizo ni siku mbaya za kusaini kitu. Likizo ya Juni nenda Kibirizi, kaa na mjomba wiki tatu, amka naye alfajiri, shika daftari lake la mauzo. Ukiona inalipa, utaondoka kwa heshima, kwa barua na notisi. Usije ukathubutu kuondoka kimyakimya ukidhani mshahara utajikata wenyewe. Zaidi ya siku tano bila ruhusa zinatosha kukufukuzisha kazi, na utoro ndio unaowamaliza walimu wengi mbele ya Tume kuliko ulevi na makosa mengine mnayoyasikia.

Wapo watakaokwambia ualimu ni wito, vumilia. Mimi hilo neno nimelichoka. Limegeuzwa blanketi la kufunikia madeni ya watu. Wito haulipi boti. Mwalimu Nyerere alifundisha hapahapa Tabora, St. Mary's, kuanzia 1946 mpaka 1949 alipokwenda kusoma Uskoti, na mwaka 1955 aliacha kufundisha kule Pugu ili afanye siasa. Hakuna aliyemwita msaliti wa wito, na jina la Mwalimu alizikwa nalo. Kuacha si dhambi. Nisichokitaka ni uache kituo ukidhani umeacha kazi, maana barua yako yote, ukiisoma vizuri, inalalamikia kituo: boti, faili, kadi, mtoto aliye Kasulu, mume aliye Mwandiga, mdomo wa mtu mmoja. Kufundisha kwenyewe umekupa mstari mmoja tu, na mstari huo unasema moyo unaruka.

Uhamisho basi. Ombi linapita kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi, na njia inayotembea haraka ni ya kubadilishana: upate mwalimu wa karibu na Mwandiga anayetaka kuja huko. Usicheke. Wapo. Kuna mwenye mke mwambao, kuna mwenye shamba la michikichi, kuna anayetaka kuwa karibu na boti yake. Waulize kwenye makundi ya walimu ya WhatsApp, waulize manahodha, wao wanajua nani anatafuta nini kuliko ofisi yoyote. Cheti cha ndoa kiambatishe. Ujue tu kwamba uhamisho wa kuomba mwenyewe hauna malipo, kwa hiyo nauli na ya kubebea godoro uianze kuitunza mapema, kutoka kwenye hiyo elfu sitini.

Mwalimu mkuu. Alikosea, na mahali alipokosea ni mstarini. Kuchelewa kwako ni haki yake kukuuliza, ofisini, mlango umefungwa. Lakini nikuambie kitu. Mimi nilishamwambia kijana mmoja maneno yaleyale, "vijana wamejaa mtaani", siku ambayo nilikuwa nimetoka kuulizwa na wakubwa kwa nini watoto wangu wa darasa la pili hawasomi. Mpango wa elimu bila ada ulipoanza 2016 watoto walikuja kama kumbikumbi, ruzuku ikapangwa 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, sehemu yake ikabaki huko juu kwa ajili ya vitabu, na mimi nilitakiwa niandike, nikarabati na niripoti kwa kilichobaki. Hasira zangu nikamshushia aliye karibu. Yule kijana aliomba uhamisho, sikumwomba radhi, na nikimkumbuka bado naona aibu. Mwendee wako jioni, watoto wakishaondoka. Mwambie: "Mwalimu, ukinisema mstarini kesho siwezi kuwatuliza wale 143." Usilie, usitaje haki, taja hao 143. Atalisikia hilo kwa sababu ni tatizo lake pia. Asiposikia, afisa elimu kata yupo.

Ukiwa naye hapohapo, omba darasa ligawanywe, wa asubuhi na wa mchana. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa mwalimu, wewe una madarasa matatu ndani ya chumba kimoja. Siku yako itarefuka, sikufichi, lakini watoto 70 unaweza kuwajua kwa majina na 143 huwezi. Bora zaidi ni kamati ya shule imtafute kijana wa kujitolea. Hao vijana wenye vyeti waliojaa mtaani, mmoja wao aje basi, wazazi wamchangie chakula na kijiposho. Mimi Sikonge nilipata wawili hivyo, mmoja aliajiriwa baadaye. Na mawe, mwanangu. Huko ziwani mna mawe mazuri ya duara, mimi nilikuwa nahesabisha kwa kokwa za maembe. Mtoto mwenye mawe kumi mkononi hapigani na mwenzake kwa dakika kama kumi na tano hivi, na hizo ndizo dakika zako za kuwashika mikono wa mbele.

Nimeacha nesi mwishoni kwa sababu ndiye aliyenisumbua usingizini. Unasema anaimba. Umemuuliza? Dada yangu alikuwa muuguzi miaka thelathini, na aliimba zaidi wiki aliyopoteza mama aliyekuwa akijifungua. Kuna kitu nesi anacho ambacho sisi hatuna, kweli: anavuka ziwa usiku na mjamzito, alfajiri mtoto analia, amekwisha jua kwamba kazi yake imefaa. Wewe unamfundisha mtoto "a" leo, na huenda ukaja kujua ilifaa siku akikupandisha boti yake bure miaka kumi na mitano baadaye, na huenda usijue kabisa. Ndiyo maana mwalimu anachoka kwa namna yake. Lakini na yeye ana yake. Kule anakoamshwa hakuna wa kumpokea zamu. Akiugua yeye, anatibiwa na nani? Posho zake za usiku, nazo zinakuja? Huenda anakusikia wewe ukiwaimbisha watoto herufi asubuhi na kujiuliza yeye ana kasoro gani.

Nunua migebuka miwili, kaange, mpelekee jioni. Kaeni kwenye kibaraza bila simu. Kasoro huna.

Ile barua usiichane, unaweza kuja kuihitaji baada ya Juni. Ila itoe humo ulimoiweka, leo leo. Andalio la somo linakaguliwa.